Kwa nini honi ya wati chache husikika mbali kuliko spika kubwa?

Gari la matangazo likipita Kondele, Kisumu, asubuhi, mtu aliye ndani ya nyumba mtaa wa Manyatta anapata jina la marehemu, siku ya maziko na mahali, bila hata kufungua dirisha. Juu ya gari kuna honi mbili za bati, zile spika za umbo la tarumbeta, na amplifaya ndogo inayokula betri ya gari hilohilo. Nenda sasa kwenye disko matanga, ngoma ya usiku ya msibani, kwenye masanduku ya spika marefu kuliko mtu, yanayolishwa na jenereta. Vuka shamba moja tu na maneno ya MC huyashiki tena. Besi peke yake ndiyo inakufuata njiani.

Wengi huamini honi inaongeza nguvu ya sauti. Haiongezi hata chembe. Ni bati tupu, haina umeme wake. Kazi yake ni kuzuia nguvu iliyopo isipotee.

Adui wa spika ni wepesi wa hewa. Karatasi ya spika ya kawaida inaposukumwa na koili (waya uliozungushwa ndani ya sumaku), hewa iliyo mbele yake hukwepa pembeni badala ya kubanwa, na karibu umeme wote huishia kuwa joto. Spika ya sandukuni hugeuza kiasi cha asilimia 1 tu ya umeme kuwa sauti, na nyingi hazifiki hapo. Kwenye honi, utando mdogo ulio ndani ya yuniti, kile kifaa cha sumaku na koili kilichofungwa nyuma ya honi, unasukuma hewa iliyobanwa kwenye koo jembamba, hewa isiyo na pa kukimbilia. Kutoka kooni bomba linapanuka polepole hadi mdomoni, likibadilisha msukumo mkali wa hewa kidogo kuwa msukumo laini wa hewa nyingi, kama gia za baiskeli zinavyobadilisha nguvu za mguu mlimani. Honi nzuri hugeuza asilimia 10 hadi 30 ya umeme kuwa sauti.

Kwa vipimo vya mafundi: spika ya nyumbani ikipewa wati 1 hutoa takriban desibeli 87 ukiwa umbali wa mita 1. Honi hutoa 107 au zaidi. Tofauti hiyo ya desibeli 20 maana yake wati 1 kwenye honi inahitaji wati 100 kwenye ile spika nyingine ili zilingane. Isitoshe, honi huelekeza sauti upande mmoja badala ya kuimwaga kila upande.

Wapuliza oporo wa Kijaluo waliitumia kanuni hii zamani, kwa midomo yao na pembe ya mnyama. Kwa upande wa umeme, wavumbuzi Peter Jensen na Edwin Pridham walifunga honi ya gramafoni kwenye yuniti yao ya koili huko California mwaka 1915, na sauti ikaufikia umati wa watu. Ilipofika 1926 sinema zilianza kupata sauti kwa yuniti ya 555 ya kampuni ya Western Electric, iliyofungwa kwenye honi kubwa. Hawakuwa na njia nyingine: amplifaya za valvu za siku hizo zilitoa wati chache mno.

Sasa besi. Honi hubeba sauti vizuri pale tu mzingo wa mdomo wake unapokaribia urefu wa wimbi. Honi ya mdomo wa sentimita 40 ina mzingo wa mita 1.26, kwa hiyo huanza kulegea chini ya mitetemo 270 hivi kwa sekunde. Matamshi yanayotofautisha neno na neno yako juu ya hapo, ndiyo maana tangazo linaeleweka ingawa msemaji anasikika kama ana mafua. Lakini uzi mnene wa gitaa la besi kwenye muziki wa benga hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake lina zaidi ya mita 8. Honi ya kulibeba ingehitaji mdomo wa kipenyo cha mita 2.6. Mtengenezaji spika Paul Klipsch wa Arkansas, Marekani, aliikunja honi yake na kuiweka kwenye kona ya chumba, kuta na sakafu zikawa sehemu ya mdomo. Aliianza biashara hiyo mwaka 1946 na mtindo huo bado unauzwa.

Ukiokota honi kuukuu sokoni Kibuye ili uitumie nyumbani, usiulize kwanza ni ya wati ngapi. Chungulia kooni. Honi iliyokaa nje huku kwetu mara nyingi ina nyumba ya nyigu, udongo mkavu mgumu uliopangwa vyumba vyumba palepale sauti inapopita. Ulowanishe kwa maji utoke wenyewe, yuniti ikiwa imeshafunguliwa na kuwekwa kando. Halafu kagua gasketi kati ya yuniti na koo. Ikiwa imekauka na kupasuka, hewa inavuja, na shinikizo lote nililoeleza linaishia hapo. Kata nyingine kwenye mpira wa tairi la ndani, inatosha kabisa.

Pima koili kwa multimita. Ya omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) husoma kama 6 au 7. Isiposoma kitu, waya umekatika, na utando wenye koili mpya hupatikana madukani kwa yuniti nyingi za kawaida. Unapoubadilisha, pitisha ncha ya selotepu iliyokunjwa kwenye mwanya wa sumaku. Itatoka na vumbi jeusi la chuma, na hilo ndilo linalokwaruza koili na kufanya sauti ikoromee. Sumaku yenyewe usiifungue: zile za zamani za alniko hupoteza nguvu zikitenganishwa na chuma chake.

Honi nyingi za shule na misikiti zina transfoma ndogo ndani, kwa ajili ya nyaya ndefu za volti 100. Dalili yake ni swichi au nyaya zilizoandikwa wati tofauti tofauti. Kwa amplifaya ya nyumbani iruke, unga moja kwa moja kwenye koili.

Kisha gonga bati kwa kidole. Likilia ngwee, litalia hivyo katika kila wimbo. Lipake lami nyembamba kwa nje mpaka lijibu ndu.

Sebuleni, mwachie spika ya inchi 12 au 15 kazi ya besi, na honi uilinde. Chini ya uwezo wake utando hauna hewa ya kuuzuia, hurukaruka hadi upasuke. Kapasita ya mikrofaradi 40 isiyo na chanya wala hasi, ikiungwa kwenye waya wa yuniti ya omu 8, huanza kupunguza besi chini ya mitetemo 500 hivi. Ukiwasha na kusikia mvumo kabla wimbo haujaanza, usiilaumu honi. Mvumo huo amplifaya yako ilikuwa nao siku zote, ila spika ya zamani ilikuwa bubu mno kuutoa.