Usimamizi wa mradi si mapumziko ya fundi

Wiki iliyopita nilipokea tena ujumbe uleule. Kijana wa umeme, leseni ya EWURA, mamlaka ya nishati na maji Tanzania, anayo, saiti ana miaka saba, ananiandikia: "Kaka, magoti yamechoka na ngazi. Nimeamua niingie kwenye usimamizi wa miradi. Nichukue cheti cha PMP, na mimi nikae ofisini. Kazi yenyewe si naijua?" Nilimjibu mistari miwili, na mistari miwili haitoshi. Ni wa nne mwaka huu kuniuliza hivyo, kwa hiyo jibu refu naliandika hapa.

Kazi yenyewe huijui, mdogo wangu. Unachojua ni umeme. Nami nilijua umeme. Nilikuwa mkandarasi mdogo wa umeme kwa miaka 11, nikichukua kazi chini ya makandarasi wakuu Dar es Salaam na Dodoma, kabla sijakubali kuajiriwa kusimamia majengo mazima. Hasara nilizosababisha katika miaka miwili ya kwanza zilitokana na imani hiyohiyo, kwamba aliyeiweza kazi ya mikono ataiweza na hii.

Cheti nikimalize haraka. Saa 35 za mafunzo zinapatikana, mtihani unasomeka. Lakini PMI, taasisi inayotoa cheti hicho, hawatakuruhusu kufanya mtihani wa PMP mpaka uonyeshe uzoefu wa kuongoza miradi. Kuongoza, nasisitiza; kuvuta nyaya kwenye mradi wa mtu mwingine hakuhesabiwi. Asiye na uzoefu huo ana CAPM, cheti kingine cha PMI, cha kuanzia. Kwa hiyo PMP si mlango wa kuingilia. Inamkuta mtu akiwa tayari ndani.

Sasa muda. Hapa ndipo mafundi karibu wote tunaanguka, na hapa ndipo uvumilivu wangu unapoishia nikisikia mtu anasema "ratiba ni kujaza siku kwenye kompyuta".

Fundi ukimuuliza kufunga paneli kuu, yaani kabati la kugawia umeme, ya jengo la ghorofa nne kunachukua muda gani, atakwambia siku mbili, na atakuwa amesema kweli. Mikono yake inahitaji siku mbili. Mimi katika mradi wangu wa kwanza, Dodoma, niliandika siku tatu, nikajiona mwangalifu kwa sababu nimeongeza moja. Ratiba ikapendeza ukutani. Paneli ilifika wiki ya kumi na tatu tangu siku niliyoanza kuiulizia, na jengo zima likakaa likiisubiri.

Wiki hizo zilikwenda wapi? Paneli haichorwi bila orodha ya mizigo ya umeme. Orodha haikamiliki mpaka watu wa viyoyozi waseme mashine zao zinakula kiasi gani, na wao hawawezi kusema kwa sababu mwenye jengo hajaamua kama anataka mfumo mmoja wa jengo zima au mashine moja kila chumba. Mtu wa lifti naye ana namba yake, na hakuitoa mpaka alipolipwa malipo ya awali. Namba zikishapatikana, mchoro wa paneli unakwenda kwa mhandisi mshauri, unarudi na masahihisho, unakwenda tena. Ukipitishwa, karakana ya Dar es Salaam inataka pesa kabla ya kugusa bati, na baadhi ya swichi zake zinaagizwa nje. Inatengenezwa, inapimwa mbele ya mshauri, inapakiwa kwenye lori kwa safari ya karibu kilomita 450. Ikifika saiti, chumba chake kiwe kimepigwa plasta na rangi, sakafu imekauka, mlango una kufuli. Changu hakikuwa na mlango. Paneli ya mamilioni ililala siku tano chini ya turubai, mlinzi akiikalia, huku fundi seremala akilalamika kwamba hakuna aliyemwambia kuwa mlango ule ni wa haraka kuliko mingine. Alikuwa na haki. Mwenye kazi ya kumwambia nilikuwa mimi.

Katika wiki hizo 13, kazi ya mikono ilikuwa siku mbili. Zote zilizobaki zilikuwa za kusubiri: uamuzi, namba, sahihi, pesa, mlango. Kuzisimamia siku za kusubiri ndiyo kazi unayotaka kuhamia. Ukiwa mkandarasi mdogo wala huzioni, kwa sababu wakati paneli inasubiriwa wewe uko saiti nyingine unafunga soketi na kudai hati ya malipo. Mimi sikuziona kwa miaka 11.

Hapohapo ndipo ujuzi wako wa umeme unapokuwa na thamani, nami sitaki uudharau. Anayejua umeme anajua swali gani liulizwe lini. Mabomba ya nyaya kwenye slabu yanalazwa baada ya nondo za chini kusukwa na kabla nondo za juu hazijafunga kila kitu. Wakati mwingine ni nusu siku tu, na zege likishamwagwa, bomba lililosahaulika unalilipia kwa tindo. Msimamizi ambaye hajawahi kushika tindo anasikia kwa mafundi nondo kwamba wako tayari, anaita lori la zege. Wewe utauliza kwanza kama watu wa umeme wamepita na kama maboksi yameziba vizuri zege lisiingie. Tatizo ni kwamba swali hilo unalijua upande wa umeme tu. Upande wa maji, wa madirisha, wa dari, wewe ni mgeni kama mgeni mwingine, na lazima ukubali kuwauliza watu uliozoea kugombana nao. Mimi hilo lilinichukua muda mrefu. Nilikuwa na kinyongo cha miaka na mafundi bomba.

Jambo la pili ni karatasi. Nikiwa mkandarasi mdogo, mwakilishi wa mshauri alisimama ghorofa ya pili akaniambia nihamishe soketi zote za ukuta wa kaskazini, meza za ofisi zimebadilishwa. Plasta ilishapigwa. Tulitindua, tukahamisha, tukaziba. Nilipodai, mkadiriaji majenzi, yule anayepima kazi na kukokotoa malipo, alifungua faili, hakukuta kitu, akakata. Nilimwita mwizi, na kwa miaka nilisimulia kisa hicho kama ushahidi kwamba washauri wanawanyonya mafundi. Leo naketi upande wa pili wa meza na najua hakuwa na la kufanya. Hakuwepo pale ukutani. Alichonacho ni faili.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwepo. Kitabu chekundu cha FIDIC cha 1999, mkataba wa mfano wa ujenzi wa shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, kifungu 3.3: maelekezo ya mdomo ukiyathibitisha kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi, na Mhandisi asiyakatae kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu alipoupokea uthibitisho wako, basi uthibitisho huo unakuwa ndio maelekezo. Barua ya mistari mitatu. Na kifungu 20.1 kinakupa siku 28 za kutoa notisi ya dai la muda au malipo ya nyongeza, tangu siku uliyojua tukio au uliyopaswa kulijua. Zikipita bila notisi, haki yako imekwenda, hata kama kila mtu saiti aliona kwa macho yake. Toleo la 2017 nalo lina siku 28. Mkataba wako unaweza kuwa wa aina nyingine kabisa, na ukiwa mkandarasi mdogo siku zako huenda ni chache zaidi, maana aliye juu yako anahitaji muda wa kupeleka dai lako mbele. Ufungue uzisome. Nimekutana na watu wenye kampuni iliyosajiliwa na CRB, bodi ya usajili wa makandarasi, wanajua bei ya waya wa milimita 2.5 maduka yote ya Kariakoo, na siku zao za notisi hawazijui.

Fundi huona kuandika barua kama uchokozi. "Tunaelewana, ya nini karatasi?" Nami nilihisi hivyo. Lakini barua inamlinda na yule aliyekupa maelekezo, kwa sababu miezi minane baadaye hatakumbuka, na hatakuwa anadanganya.

Kuna mambo vitabu vinayapita upesi, ambayo mpaka leo yananisumbua. La kwanza, makisio ya muda. Kitabu kinataka uweke muda halisi kwa kila kazi na akiba uionyeshe wazi. Ninapoionyesha, mwenye mradi anaikata. Ninapoificha ndani ya kila kazi, mafundi wanaitumia yote na ratiba inakuwa ya uongo. Nimejaribu njia zote mbili na hakuna niliyoridhika nayo. Sasa hivi ninaionyesha na kuitetea kwenye kikao, na mara nyingine nashindwa.

La pili, lini uingize mkono. Mwaka jana nilikuta fundi anaunga nyaya ndani ya boksi vibaya. Nikachukua bisibisi nikafanya mwenyewe, dakika 40, na boksi likatoka safi. Dakika hizo nilipaswa kuwa kwenye simu na watu wa vioo, na yule fundi siku nzima hakuniuliza tena kitu. Alijua amevuliwa heshima mbele ya vibarua wake. Kwa upande mwingine, ningenyamaza, boksi lile lingeweza kuunguza jengo. Nilipaswa kumwita fomeni wake. Hilo naliona vizuri leo nikiwa nimekaa. Saiti, mkono unatangulia.

La tatu, pesa. Mkandarasi mdogo mzuri, mwenye vijana wake na wateja wanaolipa, anaweza kupata zaidi ya meneja wa mradi aliyeajiriwa. Miaka miwili ya kwanza mimi nilipata pungufu. Na kuhusu magoti: sipandi ngazi kubeba mzigo, lakini kila asubuhi napanda ghorofa zote kwa miguu, kwa sababu ripoti ya "asilimia themanini" sijawahi kuiamini mpaka nimeiona.

Kwa hiyo kijana wangu, kabla hujalipia mafunzo, fanya hivi ukiwa na kazi yako ya sasa. Nunua daftari. Mwezi mzima, kila kitu unachosubiri kutoka kwa mtu mwingine kiandike: umeomba nini, kwa nani, tarehe gani, unakihitaji tarehe gani, na kikichelewa nani mwingine anasimama. Kila Ijumaa mpigie simu kila aliyemo, hata asiye na deni na wewe moja kwa moja. Mwezi ukiisha, lete daftari hilo tulikalie wote wawili. Kama kurasa zimejaa na bado unataka kuendelea, mazungumzo ya PMP tutayaanzia hapo.