Je, gari la kale lililokarabatiwa huwa sawa na jipya?

Watu wengi huamini kwamba gari la kale la kifahari, likishapakwa rangi upya na kushonewa viti vya ngozi, limerudi katika hali ya upya. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa rangi ndiyo huonekana kwanza. Hata hivyo, neno “limekarabatiwa” katika tangazo la mauzo halina kipimo kimoja, na uzima wa gari hutegemea zaidi yale yaliyofichika.

Chukua mfano wa Rolls-Royce Silver Shadow, iliyoundwa Uingereza kuanzia mwaka 1965 hadi 1980. Bodi yake ndiyo inayobeba uzito wa gari, kwa hiyo kutu iliyo chini ya milango na kwenye matao ya magurudumu ni udhaifu wa gari lenyewe, si dosari ya sura tu. Sumaku iliyofungwa kitambaa laini husaidia kugundua puti iliyojazwa mahali palipopaswa kuwa na chuma. Lakini tahadhari: milango, boneti na kifuniko cha buti vya gari hili ni vya alumini, na hapo sumaku haitashika hata kama kazi ni safi.

Breki za gari hili hutumia mafuta yenye shinikizo kubwa. Zima injini, acha swichi ya ufunguo ikiwa imewashwa, kisha kanyaga breki mara kadhaa; taa za tahadhari zikiwaka upesi, huenda matengenezo ya gharama yanasubiri. Muuzaji aombwe pia risiti na picha zilizopigwa bodi ikiwa bado haijapakwa rangi.