VirtualBox ya bure siyo inayokwamisha Linux yako

Kwa mafundi wa Mwanjelwa hapa Mbeya, mwanafunzi anayetaka kuendesha mfumo wa Linux ndani ya Windows, kwa programu ya kuunda kompyuta pepe, huambiwa: achana na VirtualBox, ni ya bure ndiyo maana nzito, tafuta VMware, hata iliyokrakiwa. Ushauri huu ni potofu, tena wa hatari, maana programu zilizokrakiwa ni njia kuu ya virusi. Na VMware Workstation Pro yenyewe ni bure kwa watu wote tangu Novemba 2024.

Chanzo cha uzito kwa kawaida kiko kwenye mashine. Tazama chini ya dirisha la VirtualBox, upande wa kulia, Linux ikiwa imewaka. Ukiona picha ya kobe wa kijani, jua Hyper-V, mfumo wa Windows wenyewe wa kompyuta pepe, imeshika uwezo wa prosesa, na VirtualBox inapitia kwake. Fungua Windows Features, ondoa tiki kwenye Hyper-V na Virtual Machine Platform, kisha washa kompyuta upya. Kama unatumia WSL2 au Docker, usiguse hapo, maana zinaitegemea.

Linux ikikataa kuwaka kabisa, ingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) uwashe VT-x, yaani uwezo wa prosesa ya Intel wa kuendesha kompyuta pepe, au SVM kwa prosesa ya AMD. Baadhi ya kompyuta za mtumba huja uwezo huo ukiwa umezimwa.

RAM ni hesabu tu: ukiwa na GB 4, ipe Lubuntu (aina nyepesi ya Linux) GB 2, usizidishe. Pesa uliyotenga kwa programu, nunulia SSD (diski yenye kasi).