“Huyu hawezi kujifanya”: dhana potofu kuhusu mtoto mwenye usonji (autism)

Dhana: Mtoto mwenye usonji hana ubunifu.

Mwaka 1979 watafiti Lorna Wing na Judith Gould, waliowachunguza watoto wa Camberwell, London, walitaja mambo matatu yanayowawia vigumu watoto wenye usonji: kuhusiana na watu, kuwasiliana na kubuni. Wengi waliosikia “vigumu” wakashika “hana kabisa”.

Ukweli: Mwaka 1988 watafiti Vicky Lewis na Jill Boucher waligundua kwamba watoto wenye usonji wakielekezwa, au wakiulizwa kitu fulani kinaweza kufanya nini, hucheza michezo ya kujifanya karibu sawa na wenzao wasio na usonji waliolinganishwa nao. Wengi wanachokwama nacho ni kuanza wenyewe, na hapo mzazi ana kazi ya kufanya.

Dhana: Kupanga vizibo vya soda mstari mmoja kutwa nzima si mchezo, mnyang’anye.

Usimnyang’anye, tafadhali. Kaa naye mkekani, weka kizibo chako mwisho wa mstari, kisukume kidogo huku ukinguruma kama daladala. “Kituoni, shusha!” Halafu nyamaza, umpe nafasi. Akikirudisha kilipokuwa, mwachie. Kesho mtajaribu tena. Mwaka 2006, huko Marekani, mtafiti Connie Kasari na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 58 wenye usonji, wa miaka 3 na 4. Waliofundishwa michezo ya kujifanya walianza kucheza kwa namna nyingi zaidi, hata walipokuwa na mama zao.

Na wanaosema “aongee kwanza, michezo baadaye”? Mwaka mmoja baadaye lugha ya watoto hao ilikuwa imekua kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo hayo.

Dhana: Anaongea na mtu asiyeonekana, basi ana jini.

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu mtoto hufukizwa, hufungiwa ndani, hata kupigwa, kwa kosa la kuwa na rafiki wa kubuni. Ukweli ni kwamba watoto wengi hubuni rafiki, na wenye usonji wamo. Muulize rafiki yake anaitwa nani, anapenda kula nini. Akikujibu, tayari mnaongea. Asipojibu, hujapoteza kitu. Kwa daktari mpeleke akiwa anaogopa anachokiona au kukisikia, au akianza kupoteza maneno aliyokuwa nayo.