Mjomba, huku dunia imeisha

Mpwa wangu alicheza gemu yangu dakika nne tu, akaniita: "Mjomba, huku dunia imeisha." Alikuwa amepitisha bodaboda kati ya vibanda viwili nyuma ya soko, penye upenyo niliosahau kuuziba, na sasa anaanguka. Chini hamna kitu. Juu, mji wangu wote unaning'inia kama mkeka ulioanikwa.

Kila ramani ya gemu ina mwisho wake. Sisi tunaozichora hatuwezi kuuondoa, ila tunaweza kumfanya mchezaji asiutafute. Dawa ya wavivu ni kolaida tupu, yaani ukuta usioonekana: mbele unaona majani na njia nyeupe, lakini mhusika anakimbia palepale. Nauchukia. Mchezaji akiugonga mara moja, kuanzia hapo kila kichaka anakishuku.

Waliotutangulia walikuwa wajanja zaidi. PlayStation ya kwanza haikuwa na nguvu ya kuchora mbali, basi Silent Hill ya 1999 ikajazwa ukungu, na ukungu huohuo ndio uliowatia watu hofu. Half-Life 2 ya 2004 ina mandhari ya mbali yaliyojengwa kama kijimji cha mwanasesere, kila kitu sehemu moja ya kumi na sita ya ukubwa wake, kisha kinakuzwa na kuonyeshwa nyuma ya mji wenyewe. Unatazama upeo wa macho, kumbe ni kichezeo.

Gemu yangu iko Kampala, na jibu nilipewa na Kampala yenyewe. Mji umekaa vilimani, na mabonde mengi yana vinamasi. Pita barabara ya Northern Bypass upande wa kinamasi cha Lubigi: mafunjo yamesimama marefu kuliko mtu, na ng'ambo unaona kilima kilichojaa nyumba za mabati. Jicho linavuka bila shida. Mguu je? Nani atashuka kwenye taksi aingie mle?

Basi mafunjo ndiyo mpaka wangu. Ardhi inaanza kuteremka kabla hujayafikia. Ukiingia, mwendo unapungua, tope linalia chini ya viatu, mashina yanazidi kubanana. Kolaida ipo, lakini nimeiweka mita nne ndani, na wengi hugeuka wenyewe kabla ya kuigusa. Kilima cha ng'ambo ni umbo jepesi lililobandikwa picha. Rangi ya utusitusi unaokifunika lazima ifanane na rangi ya anga pale chini kabisa. Ikipishana kidogo, kilima kinaonekana kama kadibodi iliyokatwa kwa mkasi.

Kilichonitesa ni simu. Jani la mafunjo kwenye gemu ni picha bapa yenye sehemu zinazopitisha mwanga. Ukizipanga safu kumi, simu inapaka nukta ileile ya kioo mara kumi kwa kila fremu, yaani kila picha moja ya mwendo. Simu yangu ya majaribio, ya bei ya chini kama za wateja wangu, iliwaka moto mkononi kama pasi. Nikabakiza safu mbili za mbele zinazoyumba kwa upepo. Nyuma yake ni ukuta mmoja mzito uliochorwa mashina. Hakuna aliyegundua.

Kosa lingine lilikuwa la kijinga. Nilipenda kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, chenye taa ya njano, nikakiweka ukingoni mwa kinamasi kwa sababu palikuwa panapendeza. Wachezaji wote wakamiminika huko, wakazunguka nyuma ya kibanda, wakaanza kuyapekua mafunjo. Taa humvuta mtu, na mimi nilikuwa nimewaitia mahali nilipotaka wasifike. Sasa rolex inakaangwa katikati ya stendi.

Mpwa sikumwambia nimebadilisha nini. Alizunguka saa nzima asiyatazame mafunjo hata mara moja. Halafu akapanda juu ya paa la taksi iliyoegeshwa, akaruka, akapita juu ya kolaida. Nimeiinua hadi mita thelathini.