Kujivuta Kwenye Bomba: Maswali na Majibu Kuhusu Aina Zake, Ugumu Wake na Vipimo vya Nguvu

Ni wakati gani mtu anaweza kusema amejivuta mara moja kamili?

Ni pale anapoanza akiwa ananing'inia kwa mikono kwenye bomba, yaani chuma cha mlalo kilicho juu ya kichwa, huku viwiko vimenyooka kabisa, akajivuta bila kurusha miguu mpaka kidevu kikavuka bomba, kisha akashuka kwa kujizuia hadi mikono ikanyooka tena. Masharti haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoipa hesabu maana. Anayeishia nusu ya njia wakati wa kushuka huikwepa sehemu ya chini, ambayo kwa watu wengi ni ngumu, na anayerefusha shingo ili kidevu kifike juu hajauinua mwili wake hata sentimita moja zaidi. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema anajivuta mara 20, muulize kwanza anajivuta namna gani.

Kwa nini napiga pushapu 30 lakini siwezi kujivuta hata mara moja?

Kwa sababu mizigo hiyo miwili hailingani. Katika pushapu miguu hubaki chini, na mikono hubeba takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Ukining'inia, unainua karibu mwili wote, ukiondoa viganja na vigasha tu. Zaidi ya hayo, pushapu hutumia misuli ya kifua na ya nyuma ya mkono, ilhali kujivuta hutegemea misuli mipana ya mgongo inayotoka kiunoni na kujishikiza kwenye mfupa wa juu wa mkono, ikisaidiwa na baisepsi (misuli ya mbele ya mkono wa juu), misuli ya vigasha, na ile inayoyavuta makombe ya mabega chini na nyuma. Mtu anaweza kuwa na kifua imara na mgongo usiozoea kazi.

Je, kuna tofauti kati ya kushika bomba viganja vikitazama mbele na vikinitazama mimi?

Ipo, ingawa hukuzwa kupita kiasi. Viganja vikikutazama, baisepsi na kifua huchangia zaidi, na wengi huweza kuongeza mara moja au mbili katika hesabu yao. Viganja vikitazama mbele, baisepsi hukaa katika hali isiyoipa nguvu nyingi, na misuli ya sehemu ya chini ya makombe ya mabega hulazimika kufanya kazi zaidi. Misuli mipana ya mgongo hutumika sana katika namna zote mbili. Namna ya tatu, ya kushika vishikio viwili sambamba huku viganja vikitazamana, mara nyingi ndiyo inayovumiliwa vizuri zaidi na viwiko na mabega yenye maumivu.

Aina zipi ni rahisi, na zipi ni ngumu?

Mwanzo kabisa kuna kuning'inia tu, kisha kujivuta kwa mlalo: bomba liko usawa wa kiuno, visigino viko chini, na kifua kinavutwa hadi kwenye bomba. Kadiri mwili unavyolala ndivyo mzigo unavyoongezeka. Baada ya hapo huja kujivuta kwa viganja vinavyokutazama, halafu kwa viganja vinavyotazama mbele kwa upana wa mabega. Kupanua mikono sana huongeza ugumu na kufupisha mwendo, lakini hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kunapanua mgongo zaidi kama inavyosemwa jimu. Kwa maoni yangu, upana unaozidi mabega kidogo unamtosha karibu kila mtu.

Ukitaka ugumu zaidi bila chuma cha ziada, nyoosha miguu mbele iwe mlalo wakati wa kujivuta, na hapo tumbo litadai sehemu yake. Unaweza pia kuzungusha taulo juu ya bomba na kushika ncha zake. Wengi watagundua kwamba vidole vinasalimu amri kabla ya mgongo. Kujivuta upande mmoja huku mkono mwingine ukibaki umenyooka ni maandalizi ya kujivuta kwa mkono mmoja, ambako ndiko kilele cha zoezi hili na kwa kawaida huhitaji miaka ya mazoezi. Kujivuta mpaka kiuno kikafika juu ya bomba ni jambo la aina yake: kunahitaji kasi, na pia nguvu ya kujisukuma mara kifua kinapovuka.

Siwezi hata mara moja. Nianzie wapi?

Anza na mabega, si mikono. Ning'inia viwiko vikiwa vimenyooka, uache mabega yapande hadi karibu na masikio, kisha uyavute chini bila kukunja viwiko. Mwili utapanda sentimita chache tu, na shingo itaonekana kurefuka. Hatua hii ndogo ndiyo mwanzo wa kila mvuto ulio sahihi, na watu wengi hawajawahi kuifanya.

Kisha ongeza kujivuta kwa mlalo pamoja na kushuka polepole: panda kwa kutumia kiti mpaka kidevu kiwe juu ya bomba, ondoa miguu, ushuke kwa sekunde tano hivi. Misuli huweza kuzuia uzito mkubwa kuliko ule inaoweza kuuinua, na ndiyo maana njia hii humfaa anayeanza. Mpira wa kunyumbulika, unaofungwa kwenye bomba na kukanyagwa, nao husaidia, lakini unavutika zaidi ukiwa chini, kwa hiyo hukupa msaada mkubwa mahali pale pale unapohitaji kujengeka. Usiutegemee peke yake.

Ni mara ngapi zinaonyesha kwamba mtu ana nguvu?

Vipimo hutofautiana kwa jinsia, umri na lengo. Katika mtihani wa kikosi cha Marine cha Marekani, kwa viwango vilivyoanza kutumika mwaka 2017, mwanamume wa miaka 21 hadi 25 anayechagua kujivuta badala ya pushapu anahitaji angalau mara 5, na mara 23 humpa alama zote. Kwa mwanamke wa umri huo ni mara 3 na mara 11. Hao ni askari. Kwa mtu wa kawaida, mimi ningesema mara 5 zilizo safi ni msingi mzuri kwa mwanamume, 10 ni nguvu ya kweli, na zaidi ya 15 kinachopimwa ni ustahimilivu kuliko nguvu. Mwanamke anayejivuta mara moja kamili tayari amefika mbali.

Hesabu pekee, hata hivyo, humpunja mtu mzito. Mwili unapokuwa mkubwa, uzito huongezeka haraka kuliko unene wa misuli unaozalisha nguvu, na ndiyo maana wadogo wa umbo hung'ara katika zoezi hili. Kipimo cha haki zaidi ni kufunga uzito kiunoni na kujumlisha: mwenye kilo 60 anayejivuta mara moja na kilo 15 ameinua kilo 75, yaani mara 1.25 ya uzito wake. Mwenye kilo 90 anayebeba kilo 10 amefikia takriban mara 1.11 tu, lakini ameinua kilo 100.

Kuna hatari gani?

Inayojitokeza mara nyingi ni maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko, kwa kuwa kano huimarika polepole kuliko misuli. Siku mbili au tatu kwa wiki, zenye mapumziko kati yake, zinatosha. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya kuimarisha misuli kwa watu wazima angalau siku mbili kwa wiki. Kujirusha kwa nyonga ili kuongeza hesabu kunapaswa kusubiri mpaka mabega yaweze kujivuta kwa utulivu.

Hatari iliyo nadra lakini kubwa ni misuli kuvunjika na yaliyomo kumwagika kwenye damu, hasa kwa asiyezoea anayejivuta au kushuka polepole mara nyingi mno siku moja. Mikono ikivimba, ikashindwa kunyooka, na mkojo ukawa na rangi ya chai nzito, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu figo zinaweza kuharibika.

Mwenye shinikizo la juu la damu asizuie pumzi. Atoe pumzi anapopanda, na ashauriane na daktari kabla ya kuanza. Aliyewahi kuteguka bega aonane kwanza na daktari au mtaalamu wa fiziotherapia, hata kama anakusudia kuning'inia tu.