Ada imefutwa, daftari bado: yanayosemwa kuhusu watoto wa kaya maskini na yalivyo kweli

Kila Januari nayasikia maneno yaleyale, kwenye daladala, kwenye mikutano ya kijiji, hata ofisini kwa walimu wenzangu: ada imefutwa, kwa hiyo mtoto asiyefika shule ana mzazi mzembe. Nimefundisha shule za msingi za vijijini miaka mingi, mingi ya hiyo katika nyanda kame za kati za Tanzania, na maneno hayo yananiuma kwa sababu wanaosemwa nawajua. Nimekaa nao chini ya mwembe wa shule, nimewaandikia watoto wao barua za uhamisho.

"Elimu ni bure, mzazi hana gharama"

Ada ya shule za msingi za serikali ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM). Michango ikaingia kupitia mlango wa nyuma, mpaka Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipoondoa ada na michango ya lazima kuanzia Januari 2016, tangu elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita vikaongezwa. Hii ni hatua kubwa na sitamruhusu mtu aidharau. Niliona watoto wa miaka kumi wakiletwa kuandikishwa darasa la kwanza.

Lakini miongozo ya utekelezaji ilitaja pia wajibu uliobaki kwa mzazi: sare, madaftari na kalamu, chakula cha mchana, matibabu. Nayo ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 zikienda shuleni na 4,000 zikibaki kwa ajili ya vitabu. Kwa hiyo shilingi elfu sita, mwalimu mkuu anunue chaki, achapishe mitihani, aweke kitasa mlango uliovunjika. Mlinzi wa usiku hayumo humo. Kamati ya shule inakaa, inakubaliana mchango wa hiari, na neno "hiari" linapotea njiani kabla halijafika kwa mtoto. Januari 2018 Rais Magufuli alikataza walimu kukusanya michango kwa wanafunzi, na kweli tulipumua. Mahitaji ya shule, hata hivyo, yalikuwa palepale.

Kuna jambo jingine ambalo aliyezoea mshahara wa mwisho wa mwezi halioni kwa urahisi. Dodoma na Singida mvua ni ya msimu mmoja. Mtama, uwele na mahindi huvunwa kuanzia Mei. Januari na Februari ghala ni tupu, na mama wa kaya maskini yuko kwenye kibarua cha kupalilia shamba la mwenzake ili jioni apate unga. Wiki hizohizo ndizo shule inafunguliwa na kudai viatu, sweta, madaftari, yote kwa pamoja, pengine kwa watoto watatu. Familia hiyohiyo ukiiomba Julai, inatoa.

"Wazazi maskini hawajali elimu"

Hii ndiyo dhana inayoharibu zaidi, kwa sababu mwalimu akiiamini huacha kumtafuta mzazi.

Ushahidi unaotolewa siku zote ni mikutano: tuliita wazazi, wakaja kumi na wawili. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Siku moja nilimwuliza mama mmoja, kwa adabu, kwa nini hatumwoni shuleni. Akanijibu, "Mwalimu, nikija mtanisomea deni la mahindi ya chakula cha shule mbele ya watu." Nilikosa la kusema, kwa sababu ni kweli tulikuwa tukifanya hivyo. Mkutano wa saa tatu asubuhi, siku ya kazi, ajenda ya kwanza michango, na orodha ya wasiolipa inasomwa kwa sauti. Mtu aliyeacha kibarua cha siku nzima, ambacho ndicho chakula cha jioni, aje kusikiliza jina lake likitajwa hivyo?

Mzazi huyo asiyekuja mkutanoni ndiye anayeuza kuku wake wa mwisho ili mtoto afanye mtihani wa darasa la saba akiwa na viatu. Ndiye anayemwamsha binti saa kumi na moja alfajiri atembee kilomita sita. Wengine wamebeba kumbukumbu mbaya ya shule kutoka utoto wao, na kuingia ofisi ya mwalimu mkuu kwao ni kama kuitwa polisi. Tukituma mgambo badala ya mwalimu, tunaithibitisha hofu hiyo.

Tulipohamishia mkutano alasiri ya Jumapili, tukaanza na maendeleo ya watoto na kuacha majina ya wadaiwa ndani ya daftari, madawati hayakutosha.

"Ukiwapa fedha wataishia kilabuni"

Nilisikia haya tangu Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) ulipoanza Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini mwaka 2012. Kabla ya hapo kulikuwa na majaribio katika vijiji vya Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, ambako kaya zilipewa fedha kwa masharti ya kupeleka watoto shule na kliniki. Tathmini ilionyesha kaya zilizopokea zilijiunga zaidi na bima ya afya na kuwanunulia watoto viatu, na watoto wao walimaliza darasa la saba kwa wingi zaidi kuliko wa kaya zisizopokea. Watafiti wa Benki ya Dunia walikusanya pia tafiti 19 za nchi mbalimbali kuhusu swali hili hasa, la pombe na tumbaku. Kwa ujumla matumizi hayakupanda, na mara nyingi yalishuka.

Yupo baba anayekunywa fedha ya ruzuku? Yupo, namjua. Na wapo wenye mishahara wanaofanya hivyohivyo, ila hatuwatungii dhana. Fedha hizo kwa kawaida hupokelewa na mama, na sijaona mama aliyezipokea asubuhi akakosa kupita duka la madaftari.

"Leteni vitabu, mengine yatafuata"

Mfadhili anapenda kuleta vitabu, na mimi navipenda. Ila magharibi mwa Kenya, Busia na jirani zake, mchumi Michael Kremer na wenzake walifuatilia shule zilizogawiwa vitabu vya kiada. Wastani wa alama haukubadilika. Waliopanda ni wale waliokuwa tayari juu darasani, kwa kuwa vitabu vilikuwa kwa Kiingereza, na watoto wengi hawakuweza kuvisoma. Atakayeleta shehena ya vitabu aulize kwanza watoto wanasoma lugha gani na wako kiwango gani.

Huko huko Busia, katika shule 75, kuanzia mwaka 1998, watoto walipewa dawa za minyoo. Utoro ulipungua kwa karibu robo, na hata watoto wa shule za jirani ambao hawakumeza kidonge walinufaika kwa sababu maambukizi yalipungua. Kremer akawa mmoja wa watatu waliopata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Tulichokiita uvivu wa mtoto huenda kilikuwa tumboni mwake.

"Sare ni jambo dogo"

Si dogo kwa anayeivaa imechanika mgongoni. Kenya walipogawa sare bure kwa watoto wa shule ya msingi, utoro ulipungua kwa zaidi ya theluthi, na kwa wasiokuwa nayo kabisa ulipungua zaidi ya nusu. Nimwambie ukweli wote anayetaka kusaidia: baada ya miaka minane watafiti hawakuona tofauti katika kumaliza shule kati ya waliopewa na wasiopewa. Sare humfikisha mtoto darasani. Kumbakiza humo ni kazi ya kila mwaka, si ya siku ya kukabidhi msaada.

Kwa wasichana kuna pia taulo za kike. Tanzania kodi yake iliondolewa mwaka 2018, bei madukani haikushuka, ikarudishwa 2019. Kenya ilikwenda njia nyingine mwaka 2017, sheria ikaitaka serikali iwape wasichana bure. Na binti aliyepata ujauzito anaruhusiwa kurudi shule Tanzania tangu Novemba 2021. Bado nakutana na wazazi ambao hawajaambiwa.

"Aibu itawasukuma wachange"

Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo letu sisi walimu. Chakula cha mchana katika shule zetu hutegemea mahindi na maharage ya wazazi. Penye uchungu ni pale kengele ya saa sita inapolia, mwalimu wa zamu anashika orodha, na watoto ambao kwao hawajaleta debe wanaambiwa wakae kando. Wanakaa wakinusa makande ya wenzao. Saa nane tunawafundisha hesabu.

Sijawahi kuona mzazi aliyepata mahindi kwa sababu mwanawe alikaa kando. Nimeona watoto walioacha kuja siku za makande, kisha wakaacha kuja kabisa, nasi tukaandika "mtoro" kwenye daftari la mahudhurio.

Kamati ya shule yetu ilibadilisha mambo matatu. Mahindi tunakusanya Juni na Julai, yakiwa bado uani kwa mtu, si Januari. Asiye na mahindi analeta kuni, au anachota maji, au anakuja kupika zamu yake, na hesabu hiyo anaijua mtunza stoo peke yake. Na sufuria ni moja: mtoto akishika bakuli anapakuliwa, hakuna anayeulizwa jina.

Mwaka wa kwanza tuliogopa mahindi yataisha Februari. Yalifika hadi wiki ya pili ya Machi, na wazazi wenyewe, katika mkutano wa Jumapili, ndio waliopanga namna ya kuziba wiki zilizobaki.